Ua Mdogo wa Nyuma: Maji Kwanza, Maua Mwisho

Neno ua lina maana mbili ambazo wingi wake ndio unaozitenganisha: maua ni yale yanayochanua, na nyua ni zile sehemu za nyumbani zilizozungushiwa uzio. Mtu aliyehamia nyumba mpya pembezoni mwa Kampala, akautazama ua wake wa nyuma wenye udongo mwekundu uliojaa vipande vya matofali na mifuko mitupu ya saruji iliyoachwa na mafundi, aghalabu huzichanganya maana hizo mbili. Huenda kwa wauza miche wa kando ya barabara, akarudi na vyungu kumi na viwili vya maua ya kila rangi, akavipanga kuzunguka ukuta, na baada ya msimu mmoja wa mvua akagundua kwamba ua ni ule ule, ila sasa una vyungu vya kukwepa wakati wa kubeba beseni la nguo.

Ua mdogo ni mgumu kuupanga kwa sababu ndani yake hakuna jambo linaloweza kuamuliwa peke yake. Katika shamba la ekari moja, mwembe uliopandwa pasipofaa haumsumbui mtu. Katika mita chache za mraba, mti huo huo unaleta kivuli ambacho kila mtu anakitamani, unaizuilia jua kamba ya nguo, unadondosha majani kwenye mfereji wa paa, na mizizi yake inafuata unyevu wa shimo la maji taka. Kwa hiyo kinachofaa kuulizwa mwanzoni ni jambo gani linayafunga mengine, ili hilo liamuliwe kabla ya yote. Kwa maoni yangu, katika Uganda jambo hilo ni maji.

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho. Kiwanja cha futi 50 kwa 100, kipimo ambacho karibu kila dalali wa ardhi wa Kampala na Wakiso hukitaja, ni kama mita 15 kwa 30, yaani mita za mraba 465 hivi. Ukiondoa nyumba, mahali pa gari, njia za pembeni na vyumba vya wasaidizi au wapangaji, kinachobaki nyuma mara nyingi ni kipande kidogo. Tuseme kina urefu wa mita 9 sambamba na nyumba, na upana wa mita 6 kutoka mlango wa jikoni hadi ukuta wa mpaka. Ni mita za mraba 54. Hazitoshi kiwanja cha mpira, lakini zinatosha mambo mengi kuliko watu wanavyodhani.

Uganda ya kati ina misimu miwili ya mvua, wa Machi hadi Mei na wa Septemba hadi Novemba, na mvua yake mara nyingi haina subira: hushuka kwa nguvu kwa muda mfupi, radi zikiisindikiza. Hesabu yake ni nyepesi, kwa kuwa milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Ikiwa upande wa paa unaoelekea nyuma una mita za mraba 60, na mvua ya alasiri moja ikashusha milimita 40, paa hilo litamwaga karibu lita 2,400, na ua wenyewe utapokea lita 2,160 nyingine. Hizo ni zaidi ya jerikeni 220 za lita 20, zote zikitafuta pa kwenda kwa wakati mmoja.

Mimi mwenyewe nilijifunza hesabu hiyo kwa gharama. Katika nyumba niliyoishi kabla ya hii ya sasa nilimruhusu fundi amwage zege ua mzima, ukuta hadi ukuta, kwa sababu nilikuwa nimechoshwa na tope, na zege lilipokauka lilipendeza kweli. Mteremko aliupima kwa macho. Mvua ya kwanza ya Aprili ilipita chini ya mlango wa jikoni, ikalowesha gunia la makaa lililokuwa limeegemezwa nyuma yake, ikaendelea na safari hadi sebuleni ikiwa nyeusi kama wino, na kapeti lilinuka wiki mbili. Tope nililolichukia lilikuwa limekaa nje muda wote. Mimi ndiye niliyeyatengenezea maji barabara ya kuingilia ndani.

Kinachohitajika ni mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, ukielekea mbali na nyumba. Kwa upana wa mita 6 hiyo ni tofauti ya sentimita 12 kati ya mlangoni na ukutani, tofauti ambayo jicho halitaiona wala meza haitayumba kwa ajili yake, lakini maji yataitii. Uso wa ua uanze angalau sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani, na fundi alazimishwe kupima kwa bomba la mpira mwangavu lililojazwa maji, kifaa cha bei ndogo kisichodanganya. Haya yote hufanyika kabla ya kununua hata tofali moja, kwa sababu kubadilisha mteremko baadaye ni kubomoa.

Kisha lipo swali ambalo watu hulikwepa: maji hayo yaende wapi? Tangi chini ya mfereji wa paa huchukua sehemu, na hata lile la lita 1,000 huwa msaada mkubwa siku ambazo bomba linakauka. Ziada yake wengi huielekeza kwenye shimo la kufyonza lililojazwa mawe, wakidhani limemaliza kazi. Lakini shimo la mita moja kila upande, likishajazwa mawe, hubakiwa na nafasi ya lita 300 hadi 400 tu katikati ya mawe hayo. Katika mabonde, ambako maji ya ardhini yako juu, halifyonzi kitu. Wengine hutoboa tundu ukutani na kuyafungulia maji njia ya kwa jirani. Kampala ni mji wa vilima na mabonde, na kila ua uliopakwa zege juu kilimani huongeza mzigo kwa wanaoishi chini, wakiwemo wale wa Bwaise ambao huamka na maji vyumbani.

Suluhisho ninalolipendelea ni kitalu kilichozama. Chini kabisa ya mteremko, kando ya ukuta wa mpaka, panaachwa ukanda wa udongo wenye upana wa mita 1.2 na urefu wote wa mita 9, na uso wake unashushwa sentimita 15 chini ya sakafu ya ua. Ukanda huo unaweza kushika zaidi ya lita 1,600 kabla haujafurika, kisha ukayanywa maji polepole. Udongo wake uchimbuliwe kwa kina na kuchanganywa na samadi iliyooza, kwa sababu udongo uliokanyagwa na mafundi miezi minane ni mgumu kama sakafu. Kipimo cha mafanikio ni kwamba maji yaondoke ndani ya siku moja au mbili. Yakikaa zaidi ya hapo kitalu kimegeuka kuwa shamba la mbu, ambao huhitaji takriban wiki moja tu ya maji yaliyotuama ili watoke yai hadi kuruka. Hapo hapo tumeshapata mahali pa mimea bila kuwaza maua hata kidogo, na ni mahali ambapo mvua itaifikia yenyewe.

Baada ya maji zinafuata kazi. Katika makao ya jadi ya Buganda, mbele ya nyumba kulikuwa na oluggya, uwanja uliofagiliwa ukawa safi kwa ajili ya wageni, na nyuma kulikuwa na lusuku, migomba iliyolisha familia na kuficha shughuli za jikoni. Pwani nako, uani ni sehemu ya nyuma ambako wanawake hupika, hufua na kuzungumza bila macho ya barabarani. Mila zote mbili zilitambua kwamba nyuma ya nyumba ni mahali pa kazi. Picha za bustani tunazozitazama kwenye simu zimetusahaulisha jambo hilo. Ndani yake hamna sigiri ya makaa, hamna kamba ya nguo, hamna jerikeni, wala kuku. Mtu akiiga picha kama hiyo, sigiri itarudi tu wiki ya pili, nayo itakaa katikati ya njia kwa kuwa haikupangiwa pa kukaa.

Njia nzuri ni kukaa mlangoni Jumamosi moja asubuhi na karatasi, na kuchora nani anapita wapi. Mara nyingi utaona mstari mmoja mnene kutoka mlango wa jikoni hadi bombani, na mwingine kutoka bombani hadi kwenye kamba. Mistari hiyo ndiyo njia za ua, upende usipende, na kupanda kitu juu yake ni kupandia miguu ya watu. Njia ya mtu aliyebeba beseni inataka sentimita 90. Sehemu ya kufulia inataka sakafu ngumu isiyoteleza, ya mita 1.5 kwa 1.5 hivi, iliyo karibu na bomba na yenye ukingo mdogo wa kuzuia maji ya sabuni yasiingie kwenye mboga. Sigiri inahitaji kona iliyo wazi kwa juu, mbali na madirisha, isiyopokea upepo unaorudisha moshi ndani. Kijukwaa cha matofali chenye kimo cha magoti huokoa mgongo wa mpishi na kuwakinga watoto wanaokimbia. Mfuniko wa tangi la maji taka lazima ubaki ukifunguka, maana gari la kunyonya litakuja siku moja, na siku hiyo hakuna atakayekuwa na subira ya kubomoa kitalu cha waridi.

Kamba ya nguo ina suala lake la pekee. Nzi wa embe hutaga mayai kwenye nguo zenye unyevu na kwenye udongo ulio kivulini, na funza wake huingia kwenye ngozi ya binadamu na kusababisha uvimbe unaofanana na jipu. Ndiyo sababu bibi zetu walisisitiza nguo zipigwe pasi hata shuka. Kwa mpangaji wa ua maana yake ni kwamba kamba lazima ipate jua kali kwa saa kadhaa, iwe juu ya sakafu ngumu kuliko juu ya majani, na isisongwe na ukuta wenye ubaridi. Kamba inayovutwa siku ya kufua na kukunjwa jioni hurudisha nafasi yote kwa matumizi mengine, nami sielewi kwa nini watu bado wanazika nguzo mbili za chuma katikati ya ua.

Hapo tumekwisha kulifikia jua, na hapa ushauri wa kigeni hupotosha kuliko kwingine kokote. Vitabu vya bustani vilivyoandikiwa Ulaya husifu bustani inayotazama kusini, kwa sababu kule jua la mchana huwa upande wa kusini mwaka mzima. Kampala iko kaskazini kidogo tu ya ikweta. Mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Septemba jua la mchana hupita karibu utosini. Juni huegemea kaskazini, na Desemba kusini. Kwa kuwa saa zetu zinafuata wakati wa Afrika Mashariki yote, kilele hicho huja hapa karibu saa saba kasoro dakika kumi. Ukuta wa mita 2.4 hutoa wakati huo kivuli kisichozidi mita moja hivi hata mwezi wa Juni au Desemba, na Machi hautoi karibu chochote. Mtu anayetegemea ukuta umkinge na jua la mchana atangoja sana.

Lakini upande wa magharibi ukuta huo huo ni hazina. Karibu saa kumi kasoro dakika kumi kivuli chake kinalingana na kimo chake, na saa moja baadaye kimevuka mita 4. Ikiwa ukuta wa mpaka wa ua wetu uko magharibi ya nyumba, basi mahali pa kukaa jioni ni chini ya ukuta huo, wala si kwenye kibaraza cha jikoni ambacho wakati huo kinachomwa na jua la machweo. Ikiwa mambo ni kinyume, nyumba ikiwa magharibi na ukuta mashariki, nyumba yenyewe itautia ua kivuli alasiri nzima. Patakuwa mahali pazuri pa kupumzika mapema, ila nguo lazima ziwe zimeanikwa kabla ya saa tatu asubuhi. Familia moja niliyoitembelea Bombo ilikuwa imehamisha mkeka wake mara tatu katika alasiri moja ikikimbizana na kivuli, hadi mama mwenye nyumba aliposema kwamba wao hawana bustani, wana saa ya jua.

Kivuli cha mchana hutoka juu tu: mti, au fremu ya mbao ama vyuma yenye mmea unaotambaa. Katika ua wa mita 6 mimi huanza na fremu, kwa sababu mtu huamua mwenyewe inapoishia. Fremu ya mita 3 kwa 3 hutosha meza ya watu wanne pamoja na nafasi ya kuvuta viti; mkeka, ambao kwa familia nyingi ndio samani halisi ya jioni, unaridhika na mita 2 kwa 2. Mpasheni huipanda fremu kwa kasi na kuzaa mapema, ingawa baada ya miaka michache huchoka na kutaka kupandwa upya. Fremu ina faida nyingine ambayo huonekana pale jirani anapojenga ghorofa: kuongeza ukuta kimo hakumzuii mtu wa ghorofa ya tatu kuona sahani zenu, lakini majani yaliyo juu ya meza humzuia.

Kuhusu sakafu nitasema machache. Vitofali vya saruji vya kutandika, ambavyo mafundi huviita pevazi, vikilazwa juu ya mchanga hupitisha sehemu ya maji na huweza kung'olewa bomba likipasuka, zege haliwezi. Matofali ya kuchoma yana rangi nzuri kuliko vyote, lakini yale laini humeguka, na kivulini huota ukungu wa kijani unaoteleza. Nyasi za paspalumu zinapendwa nchi nzima, nazo hustahili sifa zake mahali penye jua na nafasi. Chini ya fremu, au kwenye ukanda mwembamba unaokanyagwa kila siku, hufa na kuacha vumbi. Ama kiwe kipande kimoja cha nyasi kisichopungua mita 3 kwa 4 ambapo mtoto anaweza kugaagaa, ama zisiwepo. Vifaa viwili vya sakafu vinatosha. Kila kifaa kinachoongezwa huukata ua vipande, na ua uliokatwa vipande huonekana mdogo kuliko ulivyo.

Benchi la matofali lililojengwa ukutani, lenye kimo cha sentimita 45 na urefu wa mita 3, hukalisha watu watano na halihitaji nafasi ya kuvutwa nyuma kama viti. Ukuta ulio nyuma yake usipakwe nyeupe tupu, kwa sababu jua la ikweta juu ya ukuta mweupe huumiza macho. Rangi ya udongo au ya majani makavu hutuliza, na huficha michirizi ya tope mvua inaporusha.

Sasa mimea. Ua wa ukubwa huu unabeba mti mmoja, na kuuchagua ni uamuzi wa miaka ishirini. Mutuba, ambao gome lake hutoa kitambaa cha lubugo ambacho utengenezaji wake ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005, ni mti wa heshima, lakini ni jamii ya mkuyu na mizizi yake haiheshimu msingi wa mtu. Mfenesi hukua mkubwa mno, na tunda lake likianguka juu ya fremu halitaomba radhi. Mparachichi, hata ule uliopandikizwa, unataka kupogolewa kila mwaka na mtu asiye na huruma. Ninaupendelea mlimau au mpera: unabaki mdogo, unavumilia mkasi, na unaweza kupunguzwa matawi ya chini ili mtu apite bila kuinama. Mpapai nao haulaumiki, kwa kuwa unachukua nafasi ya ndoo na kutoa matunda ndani ya takriban mwaka mmoja. Mgomba mmoja ukutani unapendeza, lakini mgomba haukai mmoja. Machipukizi yake yasipopunguzwa, lusuku itairudia ardhi yake.

Nakati (mboga ya majani ya jamii ya nyanya chungu), dodo (yaani mchicha) na mchaichai viwekwe hatua chache kutoka mlango wa jikoni, kwa maana mboga iliyo mbali haichumwi mvua ikinyesha. Mkono wa mtu hufika sentimita 60 tu ndani ya kitalu, kwa hiyo kile cha mita 1.2 kilicho ukutani kinahitaji mawe mawili matatu ya kukanyaga. Katika kitalu kilichozama chagua aina tatu au nne za mimea na uzirudie kwa mafungu, virefu nyuma na vifupi mbele. Kanna huvumilia mizizi iliyolowa, drasena hustahimili karibu kila kitu. Aina ishirini za mche mmoja mmoja hufanana na kibanda cha muuza miche.

Yanabaki maua, na kwa wakati huu uchaguzi umekuwa mwepesi. Simama kwenye mlango wa jikoni, mahali ambapo ua hutazamwa mara nyingi kuliko kwingine kote, na uangalie jicho linakwenda kutulia wapi. Kwa kawaida ni kona ya mbali zaidi, mshazari kutoka mlangoni. Badala ya vyungu kumi na viwili weka hapo chungu kimoja kinachofika kiunoni, chenye bogonvila moja. Chungu kidogo katika jua la Januari hukauka kwa siku moja, na kikubwa hustahimili hadi mtu akumbuke kukimwagilia. Kisiwekewe kisahani chini yake, mbu wasipate pa kuzalia, na kisogezwe kidogo kutoka kwenye njia ya beseni.